Kibali, Barabara ya Moto na Jirani: Mwongozo Kamili wa Kuvusha Msitu Kiangazi, Nyanda za Juu Kusini

Mwezi wa Mei ukipita Mufindi, Kilolo au Njombe utakuta majani bado mabichi, ukungu umelala mabondeni hadi saa tatu asubuhi, na habari za moto hazimo katika mazungumzo ya mtu yeyote. Mwenye miti anayeijua kazi yake huanza hapo. Anayengoja hadi Septemba, mtendaji wa kijiji atangaze kwamba moto umepigwa marufuku, atakuta nyasi zimeshakauka, vibarua wameshachukuliwa na wenye mashamba ya mahindi, na mpaka wake haujaguswa.

Mwongozo huu ni wa mwenye shamba la miti, awe na ekari mbili au mia mbili. Ni wa mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji. Na ni wa mkulima anayelima kando ya msitu wa Serikali. Nimeuandika kwa ajili ya Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambako misitu ya umma na ya watu binafsi imepakana kiasi kwamba moto mmoja unaweza kuvuka milki tatu alasiri moja.

Moto wa huku unatoka wapi

Mvua zetu ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Juni na Julai ni baridi, na sehemu za juu za Mufindi na Njombe hupata sakitu inayounguza majani usiku mmoja yakaamka ya kahawia. Agosti upepo wa kusini-mashariki unashika kasi na hewa inakauka. Kuanzia hapo hadi mvua za kwanza ndiyo miezi ya hatari, na Oktoba mara nyingi ndio mbaya kupita yote, kwa kuwa ukavu umefikia kilele wakati huohuo watu wanasafisha mashamba kungojea mvua.

Vyanzo tunavijua: kuandaa mashamba, kurina asali kwa mwenge, kuwinda, kuchoma mkaa, kuchoma nyasi ili mifugo ipate majani mapya, sigara, na wakati mwingine ugomvi wa mipaka. Lakini kama ningeambiwa nitaje kimoja tu cha kusimamiwa kwa karibu, ningetaja vinyungu. Kinyungu ni bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini, watu wapate mahindi mabichi, maharage, viazi na mboga wakati mashamba ya juu ni makavu. Mwenye kinyungu hufyeka matete na nyasi, huviacha vikauke, kisha huchoma. Msitu wako uko juu yake, kwenye mteremko. Na moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyokwenda tambarare, kwa sababu mwali unainamia majani ya juu yake na kuyakausha kabla haujayafikia. Kanuni ya makadirio wanayotumia wazima moto ni kwamba kila mwinuko ukiongezeka nyuzi 10, kasi ya moto huwa kama maradufu.

Mwenye kinyungu si adui wa msitu. Anatafuta chakula cha watoto wake, na hana trekta wala dawa ya kuua magugu. Ndiyo maana nasema wazi: katazo la moto lisilompa mkulima njia halali ya kuchoma mapema ni katazo baya. Huzaa moto wa kujificha. Mtu huwasha saa saba mchana wakati wengine wako majumbani, hana wenzake, hana maji, na ukimshinda anakimbia, maana akipiga kelele ya kuomba msaada amejikamatisha. Moto wa namna hiyo ndio unaomaliza misitu. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya jambo hilo: kuchoma kwa kibali, mapema, kwa uwazi, kisha miezi mikavu ikifika, kusimamisha moto wote bila kumwonea mtu haya.

Hatua ya 1: Jua unasimama kwenye ardhi ya nani

Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inagusa misitu ya aina zote, ila anayekupa ruhusa na anayekuuliza hubadilika kulingana na mwenye ardhi.

Msitu wa hifadhi wa Serikali Kuu, pamoja na mashamba ya miti ya Serikali, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Sao Hill pale Mufindi ndilo shamba kubwa kuliko yote: zaidi ya hekta 135,000, na majaribio ya kupanda yalianza mwaka 1939. Ndani ya eneo la namna hii usiwashe moto wowote bila ruhusa ya maandishi ya meneja wa shamba. Kama una kazi humo, iwe ya kuvuna, kupogoa au kugema utomvu wa misindano, yaani miti ya paina, uliza mapema masharti ya kiangazi ya tarafa unayofanyia kazi, pamoja na mahali vibarua wako wanaporuhusiwa kupikia. Utomvu unashika moto upesi mno. Vyombo vyake visiwekwe karibu na jiko hata kwa usiku mmoja.

Msitu wa halmashauri ya wilaya unasimamiwa na ofisi ya misitu ya wilaya. Msitu wa hifadhi wa kijiji unasimamiwa na halmashauri ya kijiji kupitia kamati ya maliasili, na mara nyingi humo ndimo mlimo mizinga ya nyuki, hivyo kanuni za kurina asali ziwe zimeandikwa.

Shamba binafsi ndilo linalowachanganya wengi. Mtu husema, miti ni yangu, majani ni yangu, nachoma kwangu. La. Kuchoma majani nje ya eneo la makazi yako kunahitaji kibali hata kama ardhi ni yako na una hatimiliki ya kimila. Na moto ukivuka mpaka, wewe ndiye utakayeulizwa.

Hatua ya 2: Isome sheria ndogo ya kijiji chako

Usitegemee kusimuliwa. Nenda ofisi ya kijiji, mwombe mtendaji akuonyeshe nakala. Sheria ndogo halali hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982. Kama haina idhini ya wilaya, faini zake zitapingwa mahakamani na aliyechoma ataondoka akiwa ameshinda.

Ukiisoma, tafuta mambo haya: nani anatoa kibali cha kuchoma, na akisafiri nafasi yake inashikwa na nani, kuchoma kwa kibali kunakoma tarehe gani na katazo kamili linaanza lini, mwenye shamba anatakiwa kusafisha barabara ya moto (ukanda mtupu wa kuzuia moto) ya upana gani na kabla ya mwezi gani, nani anaongoza uzimaji, na asiyefika moto unapotokea anachukuliwa hatua gani. Ukikuta kuna faini tu na hakuna kifungu cha kibali, lipeleke jambo hilo mkutano mkuu, ambao kwa utaratibu hukaa kila baada ya miezi mitatu. Mkutano wa mwanzo wa mwaka ndio mzuri, mvua ikiwa bado inanyesha na hakuna aliye na hasira za kuunguliwa.

Hatua ya 3: Safisha barabara ya moto

Hapa ndipo pesa na jasho vinapokwenda, na ni sawa viende hapa.

Barabara ya moto ni ukanda usio na kitu cha kuungua, unaozunguka shamba na kuligawa ndani. Kwa mpaka wa nje napendekeza mita 10 au zaidi. Kwa njia za ndani mita 5 hadi 6 zinatosha, ili gari au trekta lipite. Upande unaotazama bondeni, hasa kama kuna vinyungu, na upande unaopokea upepo wa Agosti, ongeza upana. Upande wa pili ukipakana na shamba la chai, una bahati: chai hubaki kijani kiangazi chote na moto huishia hapo.

Shamba dogo likiachia mita 10 kila upande linapoteza sehemu kubwa ya ardhi, na hilo ndilo linalowafanya wenye ekari mbili tatu waache kabisa. Suluhisho ni jirani. Kila mmoja anaachia mita 5 upande wake wa mpaka, mnapata 10. Kaeni watano sita wenye mashamba yanayogusana, zungukieni eneo lenu lote kwa barabara moja pana ya nje, kisha mipaka ya katikati ifanyeni myembamba. Andikeni makubaliano, mwenyekiti wa kitongoji aweke sahihi. Mashamba madogo kumi yaliyofanya hivi yako salama kuliko shamba kubwa moja ambalo mwenyewe amesafisha pande tatu na kuiacha ya nne kwa sababu jirani yake hapatikani.

Kazi yenyewe iko hivi. Mwishoni mwa Aprili au Mei, fyeka nyasi na vichaka vyote kwenye ukanda, ng'oa visiki vidogo vya miwati (miti ya jamii ya akasia), kisha parua kwa jembe hadi udongo uonekane. Taka zilizofyekwa usizilundike ukingoni mwa barabara upande wa ndani. Ukifanya hivyo umeuwekea moto kuni mlangoni pako. Zitawanye mbali kwa unene mdogo, au zichome kwa kibali wakati bado kuna unyevu. Mahali penye mteremko mkali usiparue ukanda wote kuelekea chini, mvua ya Desemba itachimba korongo. Fyeka hadi usawa wa ardhi, choma mapema yaliyobaki, na weka matuta ya kukinga maji kila baada ya hatua kadhaa.

Wengine hupanda maharage au viazi mviringo kwenye barabara. Ni vizuri, ardhi inabaki tupu baada ya mavuno na mtu anapata kitu. Mahindi sikubaliani nayo. Mabua yakiachwa yakakauka yamesimama, barabara imekuwa njia ya kupitishia moto.

Agosti rudi tena. Wengi husahau kwamba misindano hudondosha majani yake mwaka mzima na upepo huyasukuma hadi barabarani. Ukanda uliokuwa mweupe Mei unaweza kuwa na zulia la sindano kavu Agosti. Reki na fagio la matawi vinatosha, ila lazima mtu apite mzunguko wote.

Hatua ya 4: Punguza kuni ndani ya shamba

Moto wa chini unaotembea kwenye majani unaweza kuzimwa na watu. Moto uliopanda kwenye vilele hauzimwi na watu. Tofauti yake mara nyingi ni matawi ya chini yaliyokauka. Misindano ikifika miaka mitatu minne, pogoa, usizidi nusu ya urefu wa mti, na matawi yaliyokatwa yaondoe kwenye mistari miwili mitatu iliyo karibu na barabara. Milingoti, yaani mikaratusi, ina magome yanayoning'inia kama vitambaa. Yakishika moto, upepo huyabeba mbali mbele na kuwasha sehemu mpya, kwa hiyo usiipande ukingoni kabisa mwa barabara ya moto.

Hatua ya 5: Chukua kibali cha kuchoma

Kibali kizuri kinajaa karatasi moja: jina la mchomaji, kitongoji, eneo na ukubwa wake, majirani wa pande zote, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watu watakaokuwepo, vifaa, na jina la mjumbe wa kamati atakayesimamia. Majirani wajulishwe angalau siku mbili kabla, na waweke sahihi kwamba wamejulishwa. Ukipakana na shamba la Serikali, nakala iende kwa ofisi yao. Watu wao wa doria wakiona moshi watajua ni wa nani.

Kibali hakikulindi dhidi ya hali ya hewa. Kiandikwe wazi kwamba upepo ukiinuka kazi inasimama na tarehe inasogezwa. Na kama wewe ndiye mtendaji, usiuze kibali. Ada kubwa humrudisha mkulima kwenye kuchoma kwa siri, na hapo kijiji kimepata hasara mara mia ya ada hiyo. Mwenye kinyungu akija Mei au Juni kuomba, mpe siku, mpe mjumbe, tena mpange wachome wenye vinyungu watano wa bonde moja siku moja, wasaidiane.

Hatua ya 6: Siku ya kuchoma

Saa nzuri ni kuanzia saa kumi jioni, upepo ukiwa unatulia na unyevu unapanda. Kuna wanaopenda asubuhi kwa sababu ya umande. Asubuhi ina mtego: moto unaodhani umekwisha saa nne bado una makaa, na makaa hayo yatakutana na upepo wa saa saba. Jioni kila saa inayopita iko upande wako. Ila maliza kabla ya giza, uone unachokiacha.

Kabla ya kuwasha, chukua kiganja cha nyasi za eneo hilo uzikunje. Zikikunjika bila kuvunjika, moto utakwenda taratibu. Zikivunjika kwa mlio kila unapogusa, umechelewa; fyeka, kusanya mafungu madogo katikati ya eneo, choma fungu moja moja, au acha kabisa. Washa kipande kidogo cha majaribio pembeni mwa barabara, tazama moshi unakoelekea na mwali unavyopanda. Ukiona haukuridhishi, uzime urudi nyumbani. Hakuna aibu katika hilo.

Choma kuanzia upande wa juu wa mteremko ukishuka, na kuanzia upande unakoelekea upepo ukirudi nyuma, ili moto utembee kinyume. Utakwenda polepole na mtu mwenye haraka atachoka kuungoja. Mwache achoke. Ukiwashia chini ili uishe upesi, umeuachia mlima wote.

Watu wasipungue wanne hata kwa eneo dogo: mmoja wa kuwasha, wawili pembeni wenye matawi mabichi au vipigio, mmoja akiwa na bomba la mgongoni lililojaa maji, lile la kupulizia dawa, lililooshwa vizuri. Nguo ziwe za pamba, si nailoni inayoyeyukia mwilini. Viatu vya kufunika. Watoto wabaki nyumbani. Kila mmoja ajue njia ya kutokea kabla kiberiti hakijawashwa. Sehemu iliyokwisha kuungua ndiyo kimbilio lenu.

Ukiisha, kazi ya pili ndiyo inayotofautisha wachomaji. Pita ukingo wote polepole, ukisogeza mgongo wa mkono karibu na kila kisiki na kila gogo, bila kugusa. Mgongo wa mkono huhisi joto ambalo jicho halilioni. Kisiki cha mwati huweza kuungua ndani siku nyingi, moto ukifuata mzizi chini ya ardhi, ukapita chini ya barabara yako safi na kuibukia upande wa pili penye majani. Ukihisi joto, chimba, katisha mzizi kwa panga, mwaga maji, koroga na udongo, mwaga tena. Kesho asubuhi rudi. Siku ya tatu rudi pia, hasa upepo ukiwa umevuma.

Hatua ya 7: Miezi ya katazo kamili

Kuanzia tarehe iliyowekwa na sheria ndogo, kwa vijiji vya ukanda huu ningesema isipite mwanzo wa Agosti, hadi mvua za kweli ziloweshe ardhi. Manyunyu ya siku moja hayahesabiki; chimba kwa kidole chini ya majani makavu, kama chini pakavu bado ni kiangazi.

Katika miezi hii hakuna kibali cha kuchoma kwa mtu yeyote, akiwemo mwenyekiti, mwekezaji na ndugu wa diwani. Kijiji kikimruhusu mkubwa mmoja, katazo limekwisha siku hiyo.

Kupika nyumbani kunaendelea, ila majivu yamwagwe kwenye shimo na kumwagiwa maji. Tanuri la mkaa lisiwashwe. Asali irinwe kwa bomba la moshi, si mwenge, jioni, mrinaji akiwa na maji, na makaa yazikwe pale pale. Wavunaji wa miti wanahitaji macho ya pekee. Mashine za dingdong, zile za kupasulia mbao shambani, hutoa cheche kwenye bomba la moshi, na lundo la pumba za mbao huweza kufukuta ndani wiki nyingi bila moshi wa kuonekana. Ardhi ya kuzunguka mashine iparuliwe mita 10, msumeno wa mnyororo ujazwe mafuta injini ikiwa imepoa, na usiwashwe pale pale ulipomwagia mafuta. Siku ya upepo mkali, mashine zizimwe adhuhuri. Kazi ikifungwa, mtu mmoja abaki saa nzima akitazama. Jiko la vibarua liwe sehemu moja, kwenye shimo, na liwe na mtu wa kulizima kwa jina. Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020, ulioteketeza karibu kilomita za mraba 95, taarifa za awali zilisema ulianzia eneo la Whona, mahali pa mapumziko, kwa watu waliokuwa wakipasha chakula cha wageni.

Doria ipangwe kwa zamu, na iwepo hasa kati ya saa tano na saa kumi na moja jioni. Doria ya usiku ina faida ndogo kuliko watu wanavyofikiri.

Hatua ya 8: Moto ukizuka

Anayeona kwanza apige simu kabla ya kukimbilia: mwenyekiti wa kitongoji, majirani wa upande moto unakoelekea, ofisi ya TFS au kampuni iliyo jirani, na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Magari yao yako mijini na barabara zetu ni ndefu, kwa hiyo piga, lakini usikae kuwangoja. Kengele, filimbi au mbiu ipigwe, kiongozi mmoja atajwe, na kila anayefika ahesabiwe kwa jina. Mwisho wa kazi wahesabiwe tena.

Msiuendee uso kwa uso. Ingieni kwa nyuma, sehemu iliyokwisha kuungua, mgawanyike pande mbili, mpige kingo mkiubana hadi mkutane mbele. Mwali wa chini ya kiuno watu wenye matawi na bomba wanaumudu. Ukifika usawa wa kichwa, acheni, rudini kwenye barabara ya moto iliyo mbele, mkaungojee huko mkizima cheche zinazovuka. Ukipanda vileleni, ondokeni kwa ubavuni mwake, na kamwe msikimbilie mlimani. Kuwasha moto wa kukutanisha kutoka barabarani, yaani moto wa makusudi unaokwenda kukutana na ule mkubwa, ni kazi ya aliyefunzwa, kwa amri ya kiongozi peke yake. Mtu mwenye hofu akiwasha wa kwake huwafungia wenzake katikati.

Mti unapandwa tena. Asiyejua hilo asipewe uongozi wa kuzima moto.

Hatua ya 9: Baada ya kuunguliwa

Siku hiyohiyo au ya pili, toa taarifa kwa mtendaji na polisi, upate namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi. Piga picha za sehemu moto ulipoanzia kabla watu hawajapakanyaga, na uandike majina ya mashuhuda. Mwombe afisa misitu wa wilaya akadirie hasara kwa maandishi: eneo, umri wa miti, idadi, thamani. Hapa ndipo hatimiliki ya kimila, daftari la gharama na ile karatasi ya makubaliano na majirani vinapokuwa na uzito. Bila hivyo madai ya fidia huishia baraza la usuluhishi kwa kupeana pole.

Miti mikubwa ya misindano iliyoungua gome ivunwe ndani ya wiki chache. Ukiiacha, kuvu huingia na mbao hugeuka rangi ya buluu, bei ikaanguka. Kumbuka kwamba kuunguliwa hakukuondolei wajibu wa kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Kiombe mara moja ili magogo yasikwame. Milingoti huchipua kwenye kisiki, kwa hiyo ikate chini vizuri uchague machipukizi bora baadaye. Msindano mchanga uliokauka haurudi. Ng'oa na upange miche ya kupanda mvua zikianza.

Kama unaishi mbali na shamba lako

Mashamba mengi ya huku ni ya watu wanaoishi Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya au nje ya nchi, na barabara za moto zisizosafishwa mara nyingi ni zao. Ukiwa miongoni mwao, fanya hivi. Jiunge na chama cha wakulima wa miti cha kijiji, ili shamba lako liingie kwenye mzunguko wa pamoja. Ajiri msimamizi anayeishi kitongoji hichohicho, kwa mkataba wa maandishi uliopita kwa mtendaji. Mlipe kwa awamu mbili: nusu baada ya kusafisha Mei, nusu baada ya kurudia Agosti, kila mara akikutumia picha za kona zote za shamba, si picha moja ya mbele. Namba yako ya simu ibandikwe ofisi ya kijiji. Na kabla Agosti haijaingia, mwachie msimamizi fedha ya vocha, ya mafuta ya bodaboda na ya chakula cha watu ishirini kwa siku moja, ili moto ukizuka Jumapili saa nane mchana asianze kukutafuta kwa simu kuomba nauli.